Kuanzisha Tangi la Kwanza la Matumbawe Nairobi: Maji na Umeme Kabla ya Samaki

Matangi mengi ya maji ya chumvi huharibika kwa sababu moja: hali ya maji hubadilika kwa ghafla kuliko viumbe waliomo wanavyoweza kustahimili. Kwenye mwamba wa bahari, joto, chumvi na madini ya maji hayapandi wala hayashuki sana kati ya asubuhi na jioni, kwa kuwa bahari ni kubwa mno. Ndani ya lita 200 zilizowekwa sebuleni Nairobi, takriban kilomita 480 kutoka Mombasa na mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, mambo ni tofauti. Maji ya mfereji huja kwa mgao, umeme hukatika bila taarifa, usiku wa Julai baridi huingia hadi chumbani, na hewa yenyewe ni nyepesi. Kwa hiyo ninamshauri anayeanza afuate mpangilio ambao wengi huupindua: atafute kwanza njia ya uhakika ya kupata maji safi, aweke kinga ya umeme, ndipo asimamishe tangi na mawe, angoje bakteria waenee, kisha afikirie samaki. Matumbawe huja mwisho. Tangu siku ya kutia maji hadi tumbawe la kwanza pana miezi mitatu hivi, na anayeona muda huo ni mrefu mno afadhali aanze na samaki wa maji yasiyo na chumvi, ambao husamehe haraka zaidi.

Maji

Maji ya mfereji ya Nairobi, ambayo sehemu yake kubwa hutoka katika bwawa la Ndakaini, hutiwa klorini ili yawe salama kwa kunywa, na klorini hiyo hiyo huua bakteria ambao tangi zima linawategemea. Maji ya visima vya kuchimbwa, ambayo ni tegemeo la nyumba nyingi za kupanga, mara nyingi yana floridi nyingi pamoja na madini mengine, na yale yanayoletwa kwa lori huwezi kujua yametekwa wapi. Hata yakiwa meupe pepepe, maji hayo huweza kubeba fosfeti na nitreti zinazolisha mwani, au chembe za shaba kutoka kwenye mabomba, ambazo kwa kiasi kidogo sana huua kamba na konokono.

Kinachohitajika ni mtambo wa osmosisi kinyume, ambao wauzaji huuita kwa herufi mbili tu, RO, ukiwa na hatua ya mwisho ya resini inayoondoa ioni. Maji hupita kwanza kwenye filta ya mashapo, kisha kwenye kaboni inayonasa klorini, yakasukumwa kwenye utando unaozuia sehemu kubwa ya madini yaliyoyeyuka, na hatimaye resini humalizia yaliyoponyoka. Nunua pia kipimo cha TDS, ambacho hueleza wingi wa vitu vilivyoyeyuka majini. Maji yanayotoka mwisho wa mtambo yasome sifuri, na namba ikifika 2 au 3 badilisha resini bila kungoja.

Kuna mambo mawili kuhusu RO ambayo maelekezo ya kiwandani hayamwelezi mkazi wa ghorofa. La kwanza ni shinikizo. Utando hufanya kazi vizuri maji yakiwa na shinikizo la baa 3 hadi 4 au zaidi, lakini maji yanayoshuka kutoka tangi la paani hupata baa moja tu kwa kila mita 10 za kimo, hivi kwamba anayeishi ghorofa ya juu huenda asifikishe hata nusu baa. Bila pampu ndogo ya kuongeza shinikizo, maji safi yatadondoka polepole mno, yatatoka na madini zaidi, na mengi yatapotea. La pili ni hayo yanayopotea: kwa kila lita moja safi, lita tatu au nne hutoka kwenye bomba la taka. Katika mji wa mgao, kuyaacha yaingie kwenye sinki ni israfu. Yaelekeze kwenye pipa, kwani ni maji yale yale ya mfereji yaliyoongezeka madini kidogo, nayo yanafaa kabisa kwa kupiga deki, kufulia na kumwaga chooni. Weka akiba ya lita 100 za maji safi na lita 40 zilizokwisha kuchanganywa na chumvi, ili wiki ambayo mfereji utakauka isikukute mikono mitupu.

Asiye na nafasi ya mtambo anaweza kununua maji kwenye maduka ya kujaza maji ya kunywa yaliyoenea mitaani, maana mengi hutumia RO. Tatizo ni kwamba baadhi huyarudishia maji madini ili yapate ladha. Nenda na kipimo chako na upime mbele ya muuzaji. Yakizidi 10 yapitishe kwenye resini yako mwenyewe kabla ya kuyatumia.

Chumvi ni ile iliyotengenezwa mahususi kwa matangi ya matumbawe, yenye kalisi, magnesiamu na madini mengine kwa uwiano wa bahari. Chumvi ya kupikia, chumvi ya mawe na magadi hazina nafasi hapa. Kwa kila lita ya maji ya RO utahitaji gramu 36 hadi 38 za chumvi hiyo ili refraktomita, yaani kifaa cha kupima wingi wa chumvi majini, isome 35 kwa elfu, yaani uzito linganishi wa 1.026 hivi. Mimina chumvi polepole ndani ya maji huku pampu ikiyazungusha, na usifanye kinyume chake, kwa maana maji yakimwagwa juu ya rundo la chumvi, kalisi huganda ikawa unga mweupe usioyeyuka tena. Pasha maji hadi nyuzi 25, yaache yazunguke mpaka yawe maangavu, ndipo upime. Refraktomita yenyewe irekebishwe kwa kimiminiko maalumu cha 35 kwa elfu. Kuirekebisha kwa maji matupu huacha kosa usiloliona katika kiwango unachokihitaji. Ndoo na mapipa yawe mapya, yasiyowahi kuguswa na sabuni.

Wapo wanaosafirisha maji ya bahari kutoka Mombasa kwa jerikeni. Siwashauri wanaoanza kufuata njia hiyo, kwa sababu lita 200 huzidi kilo 200, maji ya ufukwe ulio karibu na mji hubeba uchafu wa mji, na safari hiyo haina mwisho kwa kuwa sehemu ya maji hubadilishwa kila wiki. Ukibadilisha lita 20 kwa wiki utatumia chini ya kilo moja ya chumvi kila mara, karibu kilo 38 kwa mwaka, na hiyo ni gharama unayoweza kuipangia.

Umeme, hewa na joto

Umeme unapokatika, kinachoua kwanza ni upungufu wa oksijeni. Maji ya bahari yenye joto la nyuzi 25 huweza kubeba miligramu 6.7 hivi za oksijeni kwa lita yakiwa pwani. Nairobi, ambako shinikizo la hewa ni pungufu kwa karibu moja ya tano, maji hayo hayo hubeba kama 5.5 tu. Viumbe wataishi vizuri kwa kiasi hicho, lakini akiba ya dharura ni ndogo, na ushauri wa idadi ya samaki ulioandikwa kwa miji iliyo usawa wa bahari upunguzwe ukifika hapa. Uso wa maji utikiswe mchana na usiku, na skima ya protini, ambayo hutoa uchafu kwa povu, isizimwe usiku kwa sababu ya kelele, kwani ndiyo inayoingiza hewa nyingi zaidi.

Umeme ukienda, mwendo wa maji hupewa nafasi ya kwanza, joto la pili, taa ya mwisho. Matumbawe hayadhuriki kwa siku moja ya giza, ila samaki huanza kuhemea juu ya maji baada ya saa chache za utulivu. Pampu ya mawimbi inayotumia umeme mdogo wa moja kwa moja inaweza kuunganishwa na betri, na betri ya volti 12 yenye ampea-saa 100, ukitumia nusu tu ya uwezo wake, huendesha pampu ya wati 15 kwa zaidi ya saa 30. Anayeanza kwa bajeti ndogo awe angalau na pampu ya hewa ya betri, ile inayojiwasha yenyewe umeme unapokatika, maana giza huingia hata usipokuwepo nyumbani.

Kabla ya kutia kiumbe chochote, fanya jaribio hili. Tangi likiwa limejaa na pampu zote zinafanya kazi, zima swichi kuu mchana ukiwa umesimama karibu. Tazama maji yanavyoshuka kutoka tangi la juu kwenda kwenye sampu, yaani tangi dogo la chini lenye skima na hita. Yatashuka mpaka mdomo wa bomba la kurudishia utokeze juu ya maji, na bomba likiwa limezama sana, lita nyingi zitafyonzwa kurudi chini zifurike sakafuni. Inua mdomo wa bomba, au toboa tundu dogo chini kidogo ya uso wa maji, kisha urudie jaribio mpaka sampu ipokee yote na kubakiza nafasi. Weka alama ya kalamu ya wino kwenye ukuta wa sampu, na usijaze kupita hapo. Kisha washa tena uone kama kila pampu inaanza bila kuguswa, kwa sababu zipo zinazokwama.

Umeme unaporudi huja na kishindo, basi weka kilinda volti kati ya ukuta na vifaa. Kila waya ushuke chini ya usawa wa soketi kabla ya kupanda kwenye plagi, ili tone linaloteleza juu ya waya lidondokee sakafuni badala ya kuingia kwenye soketi. Mwombe fundi wa umeme aliyehitimu afunge swichi inayokata mkondo pale umeme unapovuja. Maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri sana, na mkono wako utakuwa ndani yake kila wiki.

Vitabu vingi huzungumzia mashine za kupoza maji. Nairobi shida kubwa ni baridi. Usiku wa Julai chumba kisicho na moto huweza kushuka hadi nyuzi 16 au 17, ilhali tangi linataka 25 au 26 bila kuyumba. Kwa lita 200, hita mbili za wati 150 ni bora kuliko moja ya wati 300, kwa kuwa moja ikifa nyingine hulizuia tangi lisipoe kwa kasi, na moja ikigoma kuzima haina nguvu ya kuwapika samaki kabla hujagundua. Ziunganishe kwenye kidhibiti joto cha nje, maana swichi za ndani ya hita ndizo huharibika mapema. Msimu huo huo wa baridi, madirisha yakifungwa usiku kucha, hewa ya kaboni kutoka kwa watu na jiko hujaa nyumbani, nayo hushusha pH ya maji, yaani kipimo cha uasidi wake. Ukiona pH imeteremka chini ya 7.8 alfajiri, fungua dirisha kwanza kabla ya kununua dawa yoyote.

Tangi na mahali pake

Tangi dogo ni rahisi kununua ila gumu kulitunza, kwa sababu maji machache hubadilika upesi. Kipimo kinachomfaa anayeanza ni sentimita 90 kwa 45 kwa kimo cha 50, ambacho ni lita 200 hivi. Mafundi wa vioo wa mjini hutengeneza kwa oda. Dai kioo cha milimita 10 au zaidi, mikanda ya kioo juu ya kuzuia kuta zisitanuke, na silikoni halisi isiyo na dawa ya kuzuia ukungu, kwa maana silikoni ya bafuni huwa na dawa hiyo nayo ni sumu kwa viumbe. Likauke kwa wiki moja, kisha lijazwe maji ya kawaida kwa siku mbili mahali ambapo likivuja halitaleta hasara.

Likiwa na maji, mawe, mchanga, sampu na meza yake, mzigo wote huweza kuzidi kilo 350 juu ya eneo lisilofika nusu mita ya mraba. Lisimame kando ya ukuta mkuu au nguzo, kamwe lisiwekwe katikati ya sakafu au kwenye roshani, na mpangaji amwarifu mwenye nyumba mapema. Meza ya chuma iliyochomelewa na fundi wa jua kali ni imara, mradi ipakwe rangi ya epoksi kila mahali, hata chini ya miguu. Tumia pimamaji pande zote mbili; mwinamo wa milimita chache huonekana kwenye mstari wa maji na hukandamiza kioo upande mmoja. Jua la dirishani lisilifikie.

Chagua pia chumba kisichopigwa dawa. Dawa za kunyunyizia mbu na mende huua kamba, kaa na samaki hata zikiingia kwa kiasi kidogo, nazo huvutwa na pampu ya hewa moja kwa moja hadi ndani ya maji. Kila anayeishi au kufanya kazi nyumbani humo, na mlinzi anayesimamia upigaji dawa wa jengo, aelezwe jambo hili waziwazi kabla samaki hawajaingia.

Mawe, mchanga na sheria

Mawe ndiyo makao ya bakteria na msingi wa matumbawe. Kilo 15 hadi 20 za mawe makavu ya kalisi yenye vitundu vingi hutosha kwa lita 200. Mawe ya ujenzi ya Ndarugu hayafai hata kidogo, kwa kuwa ni ya volkano na huweza kutoa madini usiyoyataka. Mawe ya kale ya matumbawe yanayochimbwa nchi kavu huko pwani kwa ajili ya ujenzi yanaweza kutumika, ingawa ni mazito na vitundu vyake ni vichache. Yasugue kwa brashi, yaloweke kwenye maji ya RO kwa wiki kadhaa ukibadilisha maji, na upime fosfeti kabla ya kuyaamini. Yapange kwa njia ambayo maji yatapita nyuma na katikati yake, na yakae juu ya kioo cha chini kabla ya mchanga kumwagwa, ili kiumbe anayechimba asiyaangushe. Mchanga uwe wa aragoniti, ambayo ni aina ya madini ya kalisi, kina cha sentimita 3 hivi. Mchanga wa mto unaoletwa na malori ya ujenzi kutoka Machakos una silika nyingi na tope, basi uachiwe mafundi wa nyumba.

Kuhusu kuokota mawe hai na matumbawe ufukweni, ninasema bila kuzunguka: usifanye hivyo. Katika hifadhi za bahari kama Malindi na Watamu, zilizotangazwa mwaka 1968, hairuhusiwi kuchukua hata gamba. Matumbawe magumu yote yamo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, kwa hiyo yanayovuka mpaka wa nchi huhitaji kibali, na nchini Kenya mamlaka inayohusika ni Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Mwamba wa pwani yetu ulipata pigo kubwa mwaka 1998, bahari ilipopata joto kupita kiasi na matumbawe mengi yakapauka na kufa, na sehemu nyingi hazijarudia hali yake ya zamani. Mpenzi wa matumbawe hawezi kuwa sababu nyingine ya kuupunguza. Muulize muuzaji karatasi zake, na upendelee vipande vilivyokuzwa kwenye matangi kuliko vilivyong'olewa baharini.

Kungoja bakteria

Tangi likishajazwa maji ya chumvi, joto likatulia na pampu zikazunguka, kazi inayofuata haionekani kwa macho. Kinyesi na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu. Kundi moja la bakteria huigeuza kuwa nitraiti, ambayo nayo haifai, na kundi jingine huigeuza nitraiti kuwa nitreti, ambayo hustahimilika kwa kiasi. Makundi haya huchukua wiki nne hadi sita kuenea kwenye mawe makavu.

Usitumie samaki hai kuanzisha mzunguko huu. Tia amonia safi hadi kipimo kisome miligramu 2 kwa lita, pamoja na chupa ya bakteria ukiipata. Tikisa chupa ya amonia kabla ya kuinunua: ikitoa povu linalodumu, imechanganywa na sabuni, iache. Pima kila baada ya siku mbili. Utaona amonia ikishuka, nitraiti ikipanda juu sana na kukaa huko kwa muda unaochosha, kisha siku chache tu ikaanguka. Tangi limekomaa pale amonia ya miligramu 2 inapoisha ndani ya saa 24 na nitraiti pia ikawa sifuri. Hapo badilisha nusu ya maji ili nitreti ipungue. Taa zisiwashwe kipindi chote hiki, maana zitalea mwani tu.

Taa zikianza kuwaka, mawe yatafunikwa na utando wa kahawia, baadaye yataota nyuzi za kijani, na pengine utelezi mwekundu utatandaa mchangani. Wengi hukata tamaa hapa na kumwaga dawa. Ni hatua ya kawaida inayoweza kudumu miezi miwili au zaidi. Punguza saa za taa, vuta uchafu kwa mpira unapobadilisha maji, tia konokono wachache wa jenasi ya Trochus au Turbo, na uwe mvumilivu.

Wakati huo jifunze kufidia maji yanayopotea. Hewa kavu ya Januari na Februari huweza kuondoa lita mbili kwa siku, na kwa kuwa maji ndiyo huyeyuka na chumvi hubaki, kinachoongezwa ni maji safi ya RO peke yake. Kifaa cha kujaza chenyewe chenye kihisio cha kimo cha maji ni miongoni mwa vitu vichache ambavyo ningemsihi mtu akope ili anunue.

Samaki

Tangi la pili, la lita 40 hadi 60, lisilo na mawe wala mchanga bali vipande vya bomba la plastiki vya kujifichia, litatumika kama karantini. Kila samaki akae humo wiki nne, maana ugonjwa wa madoa meupe wa baharini ukiingia kwenye tangi la matumbawe ni vigumu mno kuuondoa. Dawa yake ya shaba huua kamba, konokono na matumbawe, hivyo haiwezi kutumika nje ya karantini.

Mfuko wa samaki uliofungwa Mombasa hufika Nairobi umevimba na kukakamaa, kwa sababu hewa iliyofungiwa usawa wa bahari hutanuka inapopanda mwinuko. Hilo lisikutie hofu. La kuangalia zaidi ni kwamba ndani ya mfuko samaki amepumua kwa saa nyingi, hewa ya kaboni imeshusha pH, na amonia aliyoitoa imebaki katika hali isiyo na makali. Ukifungua mfuko, hewa hiyo hutoka, pH hupanda, na amonia hugeuka sumu kali ndani ya dakika chache. Kwa hiyo muulize muuzaji kiwango chake cha chumvi siku moja kabla, andaa maji ya karantini kwa kiwango hicho hicho, acha mfuko uelee juu ya maji hayo dakika 20 ili joto lilingane, kisha fungua na umhamishe samaki papo hapo, bila kuingiza maji ya mfuko. Chumvi ya karantini utaipandisha kidogo kidogo kwa siku zinazofuata.

Kwa lita 200 za Nairobi, samaki wadogo wanne au watano wanatosha, nao waingie kwa awamu. Jozi ya samaki wa anemoni wa spishi ya Amphiprion ocellaris waliozaliwa kwenye matangi ni mwanzo mzuri. Pwani ya Kenya ina spishi zake, Amphiprion akallopisos na Amphiprion allardi, ila waliovuliwa baharini huchelewa kuzoea. Samaki wa anemoni huishi vizuri bila anemoni, yule mnyama laini wa baharini ambaye hujificha kwake, na anemoni wenyewe wasubiri mpaka tangi litimize mwaka. Ongeza goby mmoja, samaki mdogo wa chini ya tangi, na kamba msafishaji, Lysmata amboinensis. Kangaja waache: Paracanthurus hepatus, yule wa buluu anayependwa na watoto, hukua hadi sentimita 30 na huhitaji nafasi ya kuogelea ambayo tangi hili halina. Samaki kipepeo wengi hula matumbawe. Lisha kidogo mara moja au mbili kwa siku, chakula kinachoisha ndani ya dakika mbili.

Matumbawe ya kwanza

Tumbawe ni mnyama, lakini sehemu kubwa ya chakula chake hutengenezwa na vijimwani vinavyoishi ndani ya ngozi yake kwa kutumia mwanga. Ndiyo sababu taa ni muhimu, na iwe LED yenye mwanga wa buluu wa kutosha, kati ya nanomita 420 na 480. Anza kwa nguvu ndogo na saa sita kwa siku, upandishe kwa wiki kadhaa hadi saa nane au tisa. Mwanga mkali wa ghafla hulipausha tumbawe haraka kuliko mwanga hafifu unavyolidhoofisha. Pampu za mawimbi zizungushe jumla ya lita 4,000 au zaidi kwa saa, zikielekezwa kwenye mawe na ukuta, zisipulize tumbawe moja kwa moja.

Anza na matumbawe laini: Sarcophyton, Sinularia, na yale yanayoitwa uyoga, ya jenasi ya Discosoma. Sarcophyton huweza kujikunja na kufunga kwa siku kadhaa, ngozi yake ikapata mng'ao wa nta, kisha ikabambuka, anajisafisha, usimhamishe. Zoanthus na Palythoa hupendwa kwa rangi zao na hukua kwa urahisi, lakini baadhi yao hubeba palitoksini, sumu inayoweza kumuua mtu. Vaa glavu na miwani unapozigusa au kuzikata, na kamwe usichemshe wala kusugua kwa maji ya moto jiwe lililotoka kwenye tangi la maji ya chumvi, kwa sababu mvuke wake umewahi kuwapeleka watu hospitalini.

Vipimo vya kila wiki ni chumvi, joto, alkalini (akiba ya madini inayozuia pH kuyumba), nitreti na fosfeti. Alkalini iwe kati ya 8 na 9 dKH (digrii za kupimia alkalini), kalisi 400 hadi 450, magnesiamu 1,250 hadi 1,350, nitreti 2 hadi 10, na fosfeti 0.03 hadi 0.1, zote kwa miligramu kwa lita isipokuwa alkalini. Nitreti na fosfeti zisifikie sifuri kabisa, kwani matumbawe nayo huzihitaji. Maadamu una matumbawe laini, kubadilisha asilimia 10 ya maji kila wiki hurudisha madini yaliyotumika, na huna haja ya kutia kitu kingine.

Mambo hubadilika ukiingiza matumbawe magumu, kwanza Euphyllia, na baada ya mwaka mzima wa utulivu, Acropora. Hawa hujenga mifupa kwa kalisi na alkalini kutoka majini, na siku moja utaona alkalini imeshuka katikati ya wiki. Usikimbilie kumimina. Pima kwa saa ile ile kila siku kwa wiki moja bila kubadilisha maji, ujue inashuka kiasi gani kwa siku, kisha tia kimiminiko cha alkalini na cha kalisi kwa kiasi kinachofidia upungufu huo tu, kila kimoja kwa wakati wake na mahali penye mkondo mkali ili visigandiane. Hata pale ambapo alkalini imeanguka mbali na lengo, isipandishwe zaidi ya 1 dKH kwa siku, na magnesiamu ikaguliwe kila mwezi, maana ikipungua kalisi na alkalini hazitatulia hata ukizitia kila siku.